Shajara ya kaunta ya mionzi: klabu ya fizikia, Januari hadi Machi

Januari 18

Mrija umefika. Ni SBM-20, bomba jembamba la chuma lenye urefu wa sentimeta 11 hivi na unene wa kidole, lililotengenezwa enzi za Umoja wa Kisovieti. Nimeusubiri tangu Oktoba. Ndani yake mna gesi na waya katikati. Ukiutia volti 400, mnururisho wa beta unaoipita gesi hiyo huiamsha, na wa gama mara chache tu, na kila mara mrija hutoa pigo moja la umeme. Pigo hilo tutalipeleka kwenye kipaza sauti kidogo na kwenye kompyuta ndogo ya kuhesabia. Alfa, aina ya tatu ya mionzi, hatutaziona, kwa sababu haziwezi kupenya chuma cha mrija.

Kwa nini tunaufanya mradi huu: wanafunzi wangu wa kidato cha nne wanaikariri mada ya unururifu, yaani viini vya atomu kuvunjika na kutoa mionzi, kwa Kiingereza kizuri kabisa. Alfa inazuiwa na karatasi, beta na bati, gama na risasi nene. Wanapata alama zao. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia kiini cha atomu kikivunjika, na viini vinavunjika hapa hapa Tanga, kwenye ukuta wanaouegemea. Nataka wasikie.

Tumewekeana sharti moja na klabu: hatutanunua chanzo chochote cha mionzi. Vyanzo hivyo vina sheria yake na Tume ya Nguvu za Atomu ndiyo inayotoa vibali. Sisi tutapima vilivyopo tayari.

Januari 25

Fundi redio wa mtaani kwetu amekuja kutusaidia kuunga saketi ya volti 400. Tulipopima tukapata 231. Tukabadilisha transista, tukapata 229. Saa mbili zimekwenda hivyo, mpaka fundi akasema, "Mwalimu, huenda mita yenyewe ndiyo inayoishusha."

Ndivyo ilivyokuwa. Mkondo wa saketi hii ni mdogo mno, na mita ya kawaida inaunyonya. Tukapanga rizista za jumla ya megaomu 1,000 mbele ya mita, ikasoma 3.96. Mita ina megaomu 10, kwa hiyo unazidisha kwa 101: volti 400. Saketi ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Februari 1

Leo kaunta imelia kwa mara ya kwanza, na darasa zima likashangilia. Kisha ikalia sana. Mapigo 212 kwa dakika, halafu 340. Mrija wa aina hii, mahali pa kawaida, hutoa mapigo 20 na kidogo kwa dakika. Kijana mmoja wa kidato cha tatu akarudi nyuma hatua mbili akauliza kama tutoke nje.

Sikuwaambia watoke, ila niliwaambia tusiseme lolote mpaka tujue tunahesabu nini. Tukautoa mrija kabisa kwenye soketi. Kaunta ikaendelea kulia bila mrija! Basi haikuwa mionzi. Ni kaskazi, inayotuletea hewa ya bahari mpaka ndani ya maabara. Unyevu wenye chumvi umetanda juu ya bodi, na volti 400 zinavuja juu yake kidogo kidogo, kila mvujo ukihesabiwa kama pigo.

Tumesafisha bodi kwa spiriti, tukaianika karibu na taa, tukaipaka vanishi mara mbili. Sasa inakaa ndani ya boksi la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Bila mrija: sifuri kwa dakika 30. Jambo hili nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la klabu: kabla ya kupima kitu, pima pasipo na kitu.

Februari 8

Saa nzima ya kuhesabu meza tupu: mapigo 1,236. Ni 20.6 kwa dakika. Hii ndiyo mionzi ya mazingira, inayotoka kwenye ardhi, saruji na angani. Kila kipimo kitakachofuata tutakitoa namba hii.

Lakini kilichowashika wanafunzi ni dakika moja moja. Waliandika ubaoni: 17, 24, 19, 26, 14, 22, 21, 18, 25, 23. "Mwalimu, mbona hazilingani? Si meza ni ile ile?" Nikawaambia wasirekebishe kitu. Ukitarajia mapigo 20, tarajia pia yumbayumba ya kama 4 au 5 juu na chini, yaani kipeuo cha pili cha 20. Ukihesabu 1,236, yumbayumba ni 35 tu. Ndiyo maana tutahesabu kwa muda mrefu. Hatuna mrija wa bei kubwa, lakini muda tunao.

Februari 15

Siku ya vizibo. Sikupanga ichukue asubuhi nzima, lakini imechukua, na sijutii.

Walikusanya vizibo 400 vya soda kwenye vibanda vya karibu. Unavitikisa kwenye ndoo, unavimwaga sakafuni, vyote vilivyoangukia meno juu unavitoa: hivyo "vimevunjika". Vilivyobaki unavirudisha kwenye ndoo. Hesabu ya waliobaki ilikwenda hivi: 400, 238, 141, 85, 49, 30, 17, 10, 6, 3, 1.

Kizibo si sarafu, hakiangukii pande mbili sawasawa. Lakini angalia: kila mara hubaki kama sita kwa kumi ya vilivyokuwepo. 238 kwa 400, 141 kwa 238, 85 kwa 141. Nusu yao hupotea katika mtupo mmoja na theluthi, iwe umeanza na 400 au na 100. Hicho ndicho kipimo tunachokiita nusu-maisha.

Na hapo ndipo binti mmoja alipouliza swali ambalo nimelisubiri miaka yangu yote ya kufundisha. Alikiinua kizibo cha mwisho, kile kimoja kilichopona mitupo kumi, akasema, "Hiki sasa kimechoka, si kweli? Lazima mtupo ujao kianguke."

Nikamwambia akitupe. Kikaanguka meno chini. Akakitupa tena. Meno chini.

Tukakaa kulizungumza hilo kwa Kiswahili, bila daftari. Neno lenyewe, nusu-maisha, linatupotosha. Ukisikia maisha unafikiria uzee: kwamba kiini kinazaliwa, kinakua, kinadhoofu, na kikifika umri fulani kinakufa, na kwamba nusu-maisha mbili zikipita basi maisha yamekamilika na hakuna kilichobaki. Wanafunzi wangu wengi wanajibu hivyo kwenye mtihani. Lakini kiini hakizeeki. Kiini cha urani kilichokaa mwambani miaka bilioni nne hakina tofauti yoyote na kile ambacho kingetengenezwa leo asubuhi. Hakikumbuki kimesubiri kiasi gani. Katika kila sekunde kina nafasi ile ile ya kuvunjika, ndogo au kubwa kulingana na aina yake, na nafasi hiyo haipandi wala haishuki. Huwezi kukichemsha kikaharakisha, wala kukigandisha kikasita.

Ya kiini kimoja hatuyajui kabisa. Ya viini bilioni tunayajua kwa uhakika ambao hata ratiba ya basi hauna. Nilipoanza kusoma fizikia jambo hili lilinikosesha usingizi, na leo nimeona sura tatu au nne zikipatwa na hali ile ile.

Februari 22

Mbolea. Duka la pembejeo lina potashi, ile chumvichumvi nyekundu wanayowekea minazi na michungwa. Ni potasiamu, na katika kila atomu 10,000 za potasiamu moja hivi ni potasiamu-40, ambayo si tulivu. Nusu-maisha yake ni miaka bilioni 1.25. Mara nyingi, kama mara tisa kwa kumi, nyutroni moja ndani ya kiini inageuka protoni na elektroni inafyatuka nje; hiyo elektroni ndiyo beta. Potasiamu imekuwa kalisi. Zilizosalia zinageuka agoni.

Kilo moja ya potashi ndani ya mfuko mwembamba, mrija umelazwa juu yake, dakika 30: mapigo 1,014. Kilo moja ya chumvi ya mezani, mfuko ule ule, dakika 30: mapigo 611. Chumvi haina tofauti na meza tupu. Potashi ina ziada ya zaidi ya 13 kwa dakika.

Wakauliza kama mkulima aogope. Nikawapigisha hesabu ya miili yao. Mtu mzima wa kilo 70 ana kama gramu 140 za potasiamu, na kila gramu huvunja viini 31 kwa sekunde. Ni zaidi ya viini 4,000 kila sekunde ndani ya mtu, tangu azaliwe mpaka anazikwa, hata kama hajawahi kuishika mbolea. Ndizi, maharage na maji ya dafu ndivyo vinavyotuletea, na mwili hauwezi kuishi bila potasiamu.

Mfuko nimeurudisha nyumbani. Utakwenda kwenye michungwa.

Machi 1

Tumeshindwa. Nilisoma kwamba ukisugua puto kwa kitambaa cha sufu na kulitundika kwenye chumba kilichofungwa, umeme tuli wake huvuta vumbi la radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, na ukipima puto baada ya saa moja unaona kaunta ikipanda. Kwa wenzetu wa nchi kavu labda. Hapa puto halishiki umeme hata dakika mbili. Mapigo 21 kwa dakika, yaani hakuna kitu.

Machi 8

Mwezi umeandama, wengi wa klabu wamefunga, kwa hiyo nilitaka kazi isiyochosha. Tukaacha puto, tukachukua feni.

Stoo ya maabara ina sakafu ya saruji na dirisha moja dogo. Tuliifunga tangu Jumatano, tukaziba dirisha kwa maboksi. Leo nimeingia, nimefunga kitambaa cha barakoa mgongoni mwa feni ili hewa yote inayonyonywa ipite humo, nikaiwasha saa sita na nusu mchana, nikatoka nikafunga mlango. Saa nane na nusu nikaizima. Kitambaa hakikuwa na lolote la kuona kwa macho, wala hata wekundu wa vumbi. Tukakizungushia mrija, ndani ya mfuko wa nailoni.

Kaunta ikaanza kulia kama mvua inayoanza juu ya bati. Hakuna aliyesema neno.

Tulihesabu kwa vipande vya dakika kumi. Ukitoa mionzi ya mazingira, kwa dakika moja: 71, 61, 52, 43, 36, 30, 25, 21, 17, 15. Kijana aliyekuwa akiandika ubaoni alisimama kwenye 36, akageuka akasema, "Nusu." Dakika 40 zilikuwa zimepita. Alipofika 17 akasema tena, na zilikuwa dakika 40 nyingine. Hakuna aliyegusa kitambaa. Hakuna kilichokwisha, kukauka wala kupoa. Ni vizibo vya Februari, safari hii vikiwa vya kweli.

Haya ndiyo yaliyokuwa kwenye kitambaa. Ardhi na saruji vina urani kidogo kila mahali. Urani-238 ina nusu-maisha ya miaka bilioni 4.47, na inaposhuka ngazi yake, kiini kikitoa alfa au beta na kugeuka elementi nyingine kila mara, inafika kwenye radi (elementi, si ile ya mvua), nayo inazaa radoni. Radoni ni gesi, kwa hiyo ndiyo ngazi pekee inayoweza kutoka ukutani na kuelea. Inaishi siku chache: nusu-maisha siku 3.8. Inapovunjika haiwi gesi tena. Watoto wake ni poloni, risasi na bismuthi, metali, na wananasa kwenye vumbi. Vumbi likanasa kwenye kitambaa chetu. Risasi-214 ina nusu-maisha ya dakika 27, bismuthi-214 dakika 20. Tunapata 40 kwa sababu tunaona vyote viwili kwa pamoja: risasi inapovunjika inazaa bismuthi mpya, na ile bismuthi nayo ina zamu yake. Mwisho wa ngazi ni risasi-206, ambayo haivunjiki tena.

Adhana ya magharibi imetukuta bado tunachora mchoro.

Machi 9

Nimerudi maabara jana usiku baada ya kufuturu, peke yangu, kuhakikisha kitambaa kimerudi sifuri. Radoni na watoto wake walitakiwa wawe wamekwisha. Kuanzia saa moja na nusu, saa nzima ya kuhesabu: 1,470. Meza tupu ni 1,236. Ziada 234, na yumbayumba ni 35 tu. Hii si bahati.

Kwanza nilidhani tumechafua mrija. Nikautoa kitambaa, nikahesabu nusu saa: kawaida kabisa. Kwa hiyo ziada iko kwenye kitambaa na inakataa kuondoka. Leo asubuhi saa mbili: 1,339. Leo usiku: 1,271, ambayo siwezi tena kuitofautisha na meza tupu.

Kitu kinachopungua nusu kwa kama nusu siku. Kwenye ngazi ya urani hakuna kitu kama hicho baada ya radoni. Kiko kwenye ngazi ya thori, elementi nyingine ya ardhini ambayo ngazi yake nayo hupitia gesi: risasi-212, nusu-maisha saa 10.6. Basi stoo yetu ina gesi mbili, na jamaa wa pili alijificha chini ya kelele za wa kwanza mpaka wa kwanza aliponyamaza. Nimefurahi kuliko siku yoyote ya mradi huu.

Machi 15

Leo hatukupima. Binti mmoja, ambaye kwao mama ni Namtumbo karibu na urani ya Mto Mkuju, aliuliza: kama viini vinavunjika vyenyewe kila mahali, kwa nini mwamba haulipuki?

Kuvunjika ni jambo la kiini kimoja kimoja, kila kimoja na wakati wake, na jirani yake hahusiki. Mmenyuko wa nyuklia unahitaji kitu kije kukigonga kiini. Mwanafizikia Rutherford alikuwa wa kwanza kuufanya maabara, akatoa taarifa yake mwaka 1919: alfa ikaigonga naitrojeni, ikatoka oksijeni na protoni. Mpasuko ulikuja baadaye. Desemba 1938, mjini Berlin, Hahn na Strassmann waliigonga urani kwa nyutroni wakakuta bariamu, elementi yenye uzito wa karibu nusu tu. Lise Meitner, aliyekuwa amekimbilia Sweden, na mpwa wake Frisch wakaeleza: kiini kimepasuka vipande viwili. Mpasuko mmoja wa urani-235 hutoa nguvu kama mara milioni 50 ya atomu moja ya kaboni inapoungua, pamoja na nyutroni mbili au tatu. Hizo zikipata urani-235 nyingine, mnyororo unaendelea. Desemba 2, 1942, mjini Chicago, mnyororo huo ulijiendeleza wenyewe kwa mara ya kwanza mikononi mwa binadamu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu la atomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo. Darasa lilinyamaza hapo. Hiroshima wanaijua, kwamba njia yake ilipita kwa jirani zetu hawakuambiwa.

Lakini mwamba? Mwamba mmoja umewahi. Mwaka 1972, kwenye kiwanda cha Pierrelatte, Ufaransa, wapimaji waligundua kwamba urani iliyotoka Oklo, Gabon, ina urani-235 asilimia 0.717 badala ya 0.720. Upungufu mdogo kiasi hicho, na hawakuupuuza. Ikaonekana kwamba miaka kama bilioni mbili iliyopita, chini ya ardhi ya Gabon, urani iliwasha mnyororo wake yenyewe. Maji ya ardhini yalizipunguza mwendo nyutroni. Mwamba ulipopata joto maji yakawa mvuke, mnyororo ukazimika. Ulipopoa maji yakarudi.

Na kwa nini leo haiwezekani? Hapo niliwaachia wenyewe, na kijana mmoja akalipata. Urani-235 ina nusu-maisha ya miaka milioni 704, na 238 miaka bilioni 4.47. Rudi nyuma miaka bilioni mbili: 235 ilikuwa zaidi ya asilimia 3. Leo ni 0.72, na kwa maji ya kawaida haitoshi tena. Urani ya Namtumbo imechelewa. Aliyeuliza akaandika hesabu yote upya kwenye daftari lake ili akamwonyeshe mama.

Machi 22–23

Mzee mmoja mvuvi wa dagaa ametuletea vitambaa viwili vya karabai, vile vyeupe vinavyowaka juu ya taa. Kimoja kipya, kimoja cha pakiti ya zamani sana. Kipya: mapigo 20. Cha zamani: 263 kwa dakika, pakiti ikiwa imefungwa. Tangu Carl Auer von Welsbach mwaka 1891, vitambaa hivyo vilitengenezwa kwa thori, kwa sababu oksidi yake hung'aa sana ikipata moto. Wengi wameiacha sasa. Hatari yake ni vumbi kuingia mapafuni, kwa hiyo wanafunzi hawakukigusa. Kimekaa ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, kabatini, na Jumatatu nitaandika barua kwa Tume waniambie kikae wapi.

Kabla ya hapo nilitaka jambo moja. Mwaka 1899, mjini Montreal, Owens aliyefanya kazi na Rutherford aliona kwamba vipimo vyake vya thori vinabadilika mlango ukifunguliwa. Upepo ulikuwa unapeperusha gesi. Rutherford akaipima: inapungua nusu kwa kama dakika moja, na inakopita inaacha kitu kinachodumu saa nyingi. Hicho kitu tunakijua. Kilitusumbua Machi 9.

Ijumaa usiku, nje uani, nikiwa na glavu na barakoa, nilifungua mdomo wa pakiti ndani ya kopo, nikaweka kipande cha foili ya jikoni chini ya kifuniko, nikafunga. Foili haikugusa kitambaa. Jumamosi saa nne asubuhi niliitoa, nikafunga tena kopo kwa gundi ya karatasi, tukapima foili. Bila mionzi ya mazingira:

Jumamosi saa nne asubuhi: 97 kwa dakika.
Jumamosi saa mbili usiku: 51.
Jumapili saa moja asubuhi, baada ya daku na swala: 25.

Binti wa kizibo ndiye aliyechora mstari. Amepata saa 10.7.